Nani Atazamaye Mizani Yetu?

Somo la historia kwa vikundi vya kusikiliza redio, Shinyanga na Geita

Kiongozi wa kikundi, kama kuna wenzako waliosimama mlangoni, waambie waingie wakae. Mwenye daftari na aliweke tayari, kwa maana leo tutataja miaka mingi, na mwisho wa somo yako maswali manne ya kuzungumza.

Leo nataka tuzungumze juu ya mizani. Sina haja ya kuwaeleza mizani ni nini. Kila mkulima wa pamba aliyeko hapa amewahi kusimama mbele yake, mzigo wake ukining'inia, akimtazama karani usoni ajue atasema nini. Kazi ya miezi mingi hukatwa hapo kwa neno moja. Basi tutaitumia mizani hiyo kujifunza jambo kubwa zaidi: namna tabia ya watu inavyojenga au inavyobomoa mipango ya chama.

MPANGO NA TABIA

Siku hizi neno mkakati lasikika kila mahali: maofisini, katika mikutano ya kijiji, katika vyama vya ushirika, na hata katika vikundi vya kuweka na kukopa. Maana yake si ngumu. Mkakati ni mpango mkubwa wa shirika: twataka kufika wapi, kwa njia gani, kwa mali ipi, na kwa muda gani. Wakubwa hukaa, wakaandika, wakapiga mhuri.

Lakini mpango ukisha kuandikwa huingia mikononi mwa watu. Humfikia karani, mlinzi, mjumbe wa kamati, na mwanachama mwenye ekari mbili za pamba. Kila mmoja wao ana hofu yake, tamaa yake, heshima yake na mazoea yake. Hao ndio waufanyao mpango uwe kitu halisi, na hao hao ndio wawezao kuuua bila kupiga kelele.

Mtaalamu mmoja wa Marekani, jina lake Herbert Simon, alitoa kitabu juu ya jambo hili mwaka 1947, na mwaka 1978 akapewa Tuzo ya Nobel ya uchumi. Katika maandishi yake alifundisha kwamba mtu aliye kazini hapimi kila njia mpaka aipate iliyo bora kupita zote. Hana muda huo, wala hana habari zote. Hutafuta mpaka apate linalotosha, kisha huacha kutafuta. Tafadhali andikeni maneno haya katika daftari: mtu akitosheka huacha kutafuta. Tutayarudia.

MPANGO ULIOTOKA JUU

Tuanze na mwaka ule ule wa 1947, hapa kwetu. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Serikali ya Kiingereza ilianzisha mpango wa maendeleo ya Usukuma. Wataalamu walikuwa wameona kwamba ardhi imechoka, ng'ombe wamezidi malisho, na mvua zachukua udongo. Zikatungwa sheria nyingi. Mkulima alitakiwa afunge matuta ili maji yasikimbie, atie samadi shambani, apunguze ng'ombe zake, na baadaye azilipie kodi. Aliyekataa alitozwa faini.

Juu ya udongo, wataalamu hawakukosea sana. Matuta yaliyofungwa kweli huhifadhi maji, na samadi ni mbolea njema. Walipokosea ni juu ya mwenye udongo. Kwa Msukuma ng'ombe hakuwa mnyama wa kuhesabiwa na kupunguzwa tu. Ng'ombe alikuwa akiba yake, mahari ya mwanawe, na ngao yake mwaka wa njaa. Kumwambia apunguze ng'ombe bila kumwonyesha akiba nyingine ilikuwa sawa na kumwambia avunje ghala kabla ya mavuno.

Watu wakachukia. Katika miaka hiyo chama cha TANU kilizuiwa kufanya kazi katika Jimbo la Ziwa, tangu mwaka 1954 hadi mwaka 1958, lakini chuki haikuzuilika. Mwaka 1958 watu wa Geita walilikataa baraza la wilaya la mataifa mchanganyiko lililowekwa juu yao, na wengi wakaenda Mwanza kutoa malalamiko yao mbele ya wakubwa. Sheria za kulazimisha juu ya mashamba na mifugo nazo zikalegezwa na kuachwa.

Hilo ndilo fundisho letu la kwanza. Mpango unaotegemea jicho la mgeni hudumu kwa muda ule mgeni anapotazama. Akigeuka, watu hurudi kwao.

MIZANI YA MFANYABIASHARA

Sasa twende magulioni. Katika miaka hiyo hiyo kilimo cha pamba kilikuwa kikienea upesi katika Jimbo la Ziwa. Pamba ilinunuliwa na wenye viwanda vya kuchambulia na mawakala wao, na wengi wao walikuwa Wahindi. Mkulima alibeba mzigo wake hadi gulioni, ukawekwa katika mizani, akaambiwa uzito, akapewa fedha. Mizani haikuwa yake, daftari halikuwa lake, na mara nyingi hakujua kusoma.

Malalamiko yalikuwa mengi: kwamba mizani imechezewa, kwamba karani aacha kuhesabu ratili za mwisho, kwamba pamba safi yaitwa fifi. Tufanye hesabu ndogo, kwa mfano tu. Tuseme mkulima ana ratili 600, na katika kila ratili 100 zinapunjwa 5. Amepoteza ratili 30. Kama bei ni senti 50 kwa ratili, shilingi 15 zimekwenda bila yeye kuziona. Mara wakulima elfu moja, zimekwenda shilingi 15,000.

Hapo ndipo tunapokutana na Paul Bomani. Alizaliwa mwaka 1925 upande wa Musoma, na katika ujana wake aliwahi kufanya kazi katika mgodi wa almasi wa Mwadui, hapa hapa Shinyanga. Mwaka 1947 akawa katibu wa chama cha ushirika cha wafanyabiashara Waafrika wa Mwanza. Kutoka hapo yeye na wenzake wakawageukia wakulima wa pamba, wakazunguka vijijini wakiwaambia: tujipimie wenyewe.

Zingatieni hekima ya mpango huo. Wenzetu hawa hawakuanza kwa kujenga kiwanda, maana hawakuwa na fedha. Hawakuanza kwa hotuba juu ya umoja peke yake. Walianza na jambo ambalo kila mkulima alikuwa nalo tayari moyoni, yaani shaka juu ya mizani. Wakulima wakachanga senti zao, wakaweka wapimaji wao wenyewe kuuhakikisha uzito. Tena hawakuwa wageni katika kufanya kazi pamoja. Tangu zamani Wasukuma walikuwa na vikundi vya kulima kwa zamu, chini ya viongozi waliochaguliwa na vijana wenyewe, waitwao basumba batale. Mpango mpya ulipita katika njia ambayo miguu ya watu ilikwisha kuizoea.

Jambo hili si la kwetu tu. Mwaka 1844 katika mji wa Rochdale, nchini Uingereza, watu 28, wengi wao wafumaji wa nguo, walifungua duka dogo lao wenyewe. Walikuwa wamechoka kuuziwa unga uliochanganywa na vitu vingine na kupimiwa kwa vipimo vya uongo. Ushirika wa leo ulimwenguni kote huhesabu duka lile kuwa mzazi wake. Basi Rochdale na Usukuma walianzia mahali pamoja: mtu mnyonge aliyetaka kipimo cha haki.

Mwaka 1953 Serikali ilianza kuandikisha vyama vya msingi vya wakulima wa pamba. Mwaka 1953 na 1954 Bomani alikuwa Loughborough, Uingereza, akijifunza mambo ya ushirika. Mwaka 1955 vyama vikuu viliungana na kuunda shirikisho lililojulikana kwa herufi zake za Kiingereza, VFCU. Mwaka 1956 shirikisho hilo lilikuwa na kiwanda chake cha kwanza cha kuchambulia pamba, huko Kasamwa, Geita. Kabla ya Uhuru wa mwaka 1961, vyama vya msingi vilikuwa zaidi ya 200, na karibu pamba yote ya Jimbo la Ziwa ilipita mikononi mwao. Lilihesabiwa kuwa miongoni mwa mashirika makubwa kabisa ya ushirika ya Waafrika katika bara hili. Yote hayo kwa muda usiofika miaka kumi!

MIZANI IKAWA YETU

Ndugu wasikilizaji, hapa nataka mnisikilize kwa makini, maana ndipo kiini cha somo.

Mizani ilipokuwa ya mfanyabiashara, ilikuwa na macho mengi. Kila mkulima alikuwa mlinzi. Baba aliangalia, mama aliangalia, kijana aliyemaliza darasa la nne aliitwa asome namba. Hakuna aliyelipwa kwa kazi hiyo, na hakuna aliyeona haya kuuliza, kwa sababu aliyeulizwa hakuwa ndugu.

Ilipokuwa mizani yetu, macho yakapungua. Mkulima alijisemea, "Sasa ni chetu, hakuna wa kuniibia." Alikuwa ametosheka, akaacha kutafuta. Karani naye alikuwa mtoto wa jirani, au shemeji, au mtu aliyesali naye kanisa moja. Kumwuliza mbele ya watu, "Hebu nioneshe daftari," ilikuwa kama kumwita mwizi. Mwanakamati aliyeletewa hesabu alitia sahihi, kwani kukiri kwamba hazisomi kungemvunjia heshima. Kila mmoja alifanya jambo lililoonekana dogo na la adabu. Lakini ukiyakusanya madogo hayo, chama kimebaki bila mlinzi.

Waswahili husema, kikulacho ki nguoni mwako. Mpango wa waanzilishi ulijengwa juu ya shaka, na shaka ile ilikuwa nguvu yake. Aliyetiliwa shaka alipoondoka, hakuna aliyekuwa ameandika nani sasa atatazama mizani, na kwa utaratibu gani. Jambo hilo liliachwa kwa imani. Imani ni jambo zuri baina ya ndugu, lakini haihesabu ratili.

Wakati huo huo chama kilikuwa kikikua kuliko watu wake. Mwaka 1960 Bomani aliitwa kuwa Waziri, na watu wengine wenye uwezo nao walihitajika katika kazi za Taifa jipya. Baada ya Uhuru, Serikali ilitaka ushirika ufike nchi nzima upesi, na katika miaka michache idadi ya vyama nchini iliongezeka karibu mara mbili. Lakini makarani waliojua hesabu hawakuongezeka kwa kasi hiyo. Viwanda vilijengwa na kununuliwa, magari yakaja, waajiriwa wakawa wengi. Gharama hizo zote zilitoka mahali pamoja, yaani katika makato ya bei ya mkulima. Bei ya pamba ulimwenguni ilipokuwa nzuri, makato hayakuuma. Ilipolegea katikati ya miaka ya 1960, yaliuma, na watu wakaanza kuuliza. Lakini waliuliza wakati ambapo mali ilikwisha kutoweka. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Mwaka 1966 Rais Nyerere aliunda kamati maalumu ya kuchunguza vyama vya ushirika na bodi za mazao. Kamati ilisikia malalamiko mengi. Ilionyesha kwamba wanachama hawakuwa na habari za kutosha juu ya vyama vyao wenyewe, kwamba watumishi wenye ujuzi walikuwa haba, kwamba katika vyama vikuu sauti ya mwanachama haikufika, na kwamba wanasiasa waliingilia kazi. Angalieni orodha hiyo, ndugu zangu. Uhaba wa watumishi twaweza kuuita upungufu wa ujuzi. Hayo mengine matatu ni tabia: mwanachama hakuuliza, mkubwa hakusikiliza, na mwanasiasa hakukaa mahali pake.

KARANI NA BWANA WAKE

Serikali ilitafuta dawa. Vyama vilivyoonekana kuharibika viliwekwa chini ya usimamizi. VFCU ilipangwa upya, na chama kikuu cha Nyanza kikashika nafasi yake. Mwaka 1968 iliundwa tume moja ya utumishi wa ushirika ya nchi nzima, ili watumishi waajiriwe, wahamishwe na waadhibiwe kwa utaratibu mmoja.

Kwenye karatasi dawa hiyo ilikuwa ya busara. Karani asiye na sifa hawezi kuajiriwa kwa sababu tu ni mpwa wa mwenyekiti. Lakini iangalieni tabia ya mtu. Mtumishi humtazama yule awezaye kumwajiri na kumfukuza. Zamani alimtazama mwenyekiti wa kamati. Sasa alimtazama bwana aliye mbali mjini. Katika njia zote mbili aliyekosa kutazamwa ni mwanachama mwenye pamba. Dawa ilimbadilisha bwana, haikumrudisha mkulima.

Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa nchini kote. Kijiji kilichoandikishwa chini ya sheria ya mwaka 1975 kilihesabiwa kuwa chama, na Mamlaka ya Pamba ikanunua zao moja kwa moja. Mkulima hakupiga kura juu ya jambo hili. Alijibu vipi? Alijibu kwa jembe. Malipo yalipochelewa na bei isipotosha, wengi walipunguza shamba la pamba wakaongeza mahindi na mpunga, mazao ambayo mtu aweza kuyala au kuyauza kwa jirani. Jibu la namna hiyo halina maandamano wala barua. Mpangaji aliyeko ofisini huliona tu pale marobota yapungukapo.

Serikali iliona, na mwaka 1982 ikapitisha sheria ya kurudisha ushirika. Hapo ndipo Shinyanga ikapata chama chake kikuu, SHIRECU. Lakini jina lilirudi upesi kuliko moyo. Wanachama wengi walikichukua chama kama idara ya Serikali iliyoletwa kwao.

Kisha, katikati ya miaka ya 1990, biashara ya pamba ilifunguliwa na makampuni binafsi yakaingia. Wanunuzi waligombea mzigo. Mwenye haraka ya kununua hakuwa na subira ya kutenganisha pamba safi na pamba fifi. Alinunua zote kwa bei moja. Na hapa, ndugu zangu, tuwe wa kweli juu yetu wenyewe. Wako wakulima waliotia maji katika pamba, wakatia mchanga, ili mizani ishuke. Walisema, "Wao walitupunja zamani, nasi twajilipa." Lakini mchanga ule uliharibu nyuzi, uliharibu mashine, na ukaiharibu sifa ya pamba yetu kwa mnunuzi wa mbali. Mizani ni ile ile. Safari hii aliyeichezea ni mkulima. Tabia mbaya haina kabila wala cheo. Hufuata mahali palipoachwa wazi.

Mwaka 2018 Serikali ilielekeza tena pamba inunuliwe kupitia vyama vya ushirika vya msingi, tunavyoviita AMCOS. Baada ya zaidi ya miaka sitini mkulima wa Usukuma akasimama tena mbele ya mizani iitwayo yake.

NGITILI: MLINZI MWENYE JINA

Je, yote ni habari za kushindwa? Hapana. Hebu tuiache pamba kwa dakika chache tutazame miti, maana hapo Shinyanga iliwafundisha wengine.

Sehemu kubwa ya miti yetu ilifyekwa tangu wakati wa ukoloni, mwanzoni kwa ajili ya kumfukuza mbung'o, na baadaye kwa kilimo na kuni. Mwaka 1986 ulianzishwa mpango wa kuhifadhi ardhi, HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga. Hapo mwanzo mazoea ya mipango mingi yalikuwa kugawa miche na kuwaambia watu wapande. Lakini wenye kuongoza mpango huu walijifunza kusikiliza. Wazee waliwaeleza juu ya ngitili: desturi ya zamani ya Wasukuma ya kufunga eneo la malisho wakati wa masika, ili ng'ombe wapate nyasi wakati wa kiangazi. Ukilifunga eneo, mizizi iliyolala ardhini huchipua yenyewe. Hakuna mche wa kununua.

Basi mpango ukajengwa juu ya desturi hiyo. Ziko ngitili za familia na ziko za kijiji. Sheria zake zilitungwa katika baraza la wanakijiji, dagashida, na waliozilinda walikuwa watu wa kijiji wenyewe, pamoja na sungusungu. Aliyeingiza ng'ombe katika ngitili iliyofungwa alitozwa faini mbele ya jirani zake. Kufikia mwaka 2004, mpango ulipofikia mwisho wake, vijiji zaidi ya 800 vilikuwa na ngitili, na eneo lililorudishiwa uoto lilihesabiwa kwa mamia ya maelfu ya hekta. Mwaka 2002 kazi hiyo ilipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa.

Linganisheni na mpango wa mwaka 1947. Udongo ni ule ule, ng'ombe ni wale wale, na wakazi ni watoto na wajukuu wa wale wale. Nia pia ni moja: kuiokoa ardhi. Tofauti ni kwamba mpango wa kwanza ulimchukua mtu kuwa kizuizi, na wa pili ulimchukua kuwa mlinzi. Na mlinzi wa ngitili ana jina. Kila mtu ajua leo ni zamu ya nani. Mvunja sheria akiwa ndugu, dagashida haimwulizi mlinzi mmoja amwonee haya. Kijiji kizima kimekwisha kukata shauri mapema. Hapo kuuliza si tusi, ni kazi.

TUFANYE NINI?

Siku hizi mizani ya kidijitali imeanza kufika magulioni, na malipo mengi hupitia benki au simu. Huko Geita soko la madini lilifunguliwa mwaka 2019, ili dhahabu ya mchimbaji mdogo ipimwe na kuuzwa mahali pa wazi. Hizo ni hatua njema. Mashine haina shemeji wala haioni haya. Lakini aiwekaye mashine ni mtu, aandikaye namba ni mtu, na anayejadili makato katika kamati ni mtu. Tukidhani chombo kipya kimetuondolea kazi ya kutazama, tutakuwa tumerudia kosa la wazee wetu.

Kwa hiyo natoa mashauri matatu, ambayo kila chama chaweza kuyaanza bila kuomba fedha kwa mtu yeyote.

Kwanza, chama kiwataje walinzi wa mizani kwa majina, na wabadilishwe kwa zamu kila wiki ya msimu. Wawe wanachama wa kawaida, wanawake kwa wanaume, wasiwe wajumbe wa kamati. Kazi isiyo na jina la mtu hufanywa na hakuna.

Pili, uzito usomwe kwa sauti kila mzigo unapopimwa, na makato yote yasomwe kwa sauti katika mkutano kabla ya msimu kufunguliwa. Asomaye kwa sauti humwokoa asiyejua kusoma, tena humwokoa mjumbe aonaye haya kusema kwamba hajui hesabu.

Tatu, kuuliza kuwe desturi ya siku zote, kusiwe dalili ya ugomvi. Daftari likaguliwe mwezi ule ambao mambo ni mazuri na bei ni ya kufurahisha, maana ndio mwezi ambao sote hutosheka tukaacha kutafuta. Karani mwaminifu hatachukia. Daftari lililokaguliwa ndilo ngao yake siku maneno yatakaposemwa.

Wako watakaosema, "Mwalimu, mambo haya ni madogo mno. Sisi twangoja mkakati mkubwa kutoka juu." Nawajibu kwa historia tuliyoisikia. Mwaka 1947 ulikuja mkakati mkubwa kutoka juu, ukashindwa na matuta. Mwaka 1976 ukaja mwingine, ukashindwa na jembe. Uliofanikiwa kupita yote katika pamba ulianza na mchango wa senti na wapimaji waliosimama kando ya mizani. Ukaanza kudhoofika siku walipoondoka pale, wala hakuna aliyeiandika tarehe hiyo, kwa sababu hakuna aliyeona kwamba wameondoka.

MASWALI YA KUZUNGUMZA

Kiongozi wa kikundi, yasome maswali haya moja moja, na kila mtu apewe nafasi ya kusema, hata wale wapendao kunyamaza.

1. Kwa nini watu wa Usukuma waliukataa mpango wa mwaka 1947, lakini wakaikubali ngitili?

2. Katika chama chetu, ni nani atazamaye mizani msimu huu? Mtajeni kwa jina. Kama hakuna awezaye kutajwa, tufanye nini kabla ya msimu ujao?

3. Kwa nini ni vigumu kumwuliza hesabu mtu ambaye ni ndugu au jirani? Twaweza kuweka utaratibu gani ili kuuliza kusimvunjie mtu heshima?

4. Mkulima atiaye mchanga katika pamba na karani apunjaye uzito wanafanana wapi, na wanatofautiana wapi?

Katibu wa kikundi aandike mambo mtakayokubaliana, siyo kwa ajili yangu, bali yasomwe katika mkutano wa chama chenu.